Kimo cha Shangingi

Siku Ambindwile alipolileta shangingi lake Tukuyu, watu walilikagua kama ng'ombe wa mahari. Mmoja aliinama kutazama chini ya tumbo, mwingine akapiga ubavu kwa kiganja, wa tatu akauliza linakula nini. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye magunia mawili ya viazi akajiita mfanyabiashara, lakini Ambindwile hakuwa wa magunia mawili. Alipeleka ndizi na viazi Dar es Salaam kwa malori ya kukodi, akarudi na mabati, sabuni na mitumba, na safari moja akarudi na gari jeupe lililovuka bahari kutoka Dubai. Lilikuwa refu kwenda juu kiasi kwamba mkewe, Atupele, alisema afadhali aletewe ile ngazi ya kuezekea nyumba.

Atupele alikuwa anatania. Aliyeshindwa kupanda kwelikweli alikuwa mama mzazi wa Ambindwile.

Ilitokea Pasaka, mbele ya kanisa la Mpuguso, watu wametoka ibadani na hakuna mwenye haraka ya kwenda popote. Bibi Atuganile alikuwa na nyonga iliyomsumbua tangu masika ya mwaka uliopita. Shambani alikwenda, kanisani alikwenda, ila mguu wa kulia ulikuwa umejiwekea mpaka wake wa kuinuka, na hata kile kibao cha kukanyagia ubavuni mwa shangingi kilikuwa juu ya mpaka huo. Wakaleta kreti la soda liwe ngazi. Kreti likazama kwenye matope upande mmoja, bibi akabaki ananing'inia kwenye mpini wa mlango, mguu mmoja kwenye gari, mwingine hewani, kilemba kimehamia sikioni. Aliyekuwa karibu akafanya ambalo mtu yeyote angelifanya: akamshika kiunoni, akamsukuma ndani. Kwa bahati mbaya aliyekuwa karibu alikuwa Yohane, mume wa binti yake Sekela.

Mkwe wake. Kwa mikono miwili. Mbele ya kanisa zima.

Mgeni angeweza kuuliza kuna ubaya gani hapo. Rungwe hakuna aliyeuliza. Mtu na mama mkwe wake husalimiana kwa mbali, macho chini, na hata sahani hupitishwa kwa mkono wa mtu wa tatu. Tangu siku hiyo Yohane alikuwa akikiona kilemba cha mama mkwe wake kinakuja njiani, anaingia migombani na kujifanya anatafuta ng'ombe, naye hana ng'ombe. Bibi mwenyewe hakugomba. Alikaa kimya kwenye shangingi mpaka nyumbani kwake, akashuka kwa kuteleza kama mtoto anayetoka kitandani, akatengeneza khanga zake, kisha akamwambia mwanawe kwa upole kabisa:

"Gari lako ni zuri, mwanangu. Ila mimi siliingii tena. Utapakilia viazi."

Ambindwile alidhani hasira zitapoa. Mvua zikapungua, viazi vikachimbwa, hasira hazikupoa. Kisha Agness, binti ya Yohane na Sekela, akachumbiwa, na harusi ikapangwa kufungwa kanisani Makandana, mjini kabisa. Bibi wa bibi harusi ilikuwa lazima afike, na afike kwa heshima. Atupele, ambaye alikuwa kwenye kamati na kwa hiyo alijua kila kitu, ndiye aliyemletea mumewe habari.

"Mama amepata usafiri," alisema akimenya ndizi. "Anakwenda na Prosper wa Veronika."

"Prosper yupi? Mwenye Starlet?"

"Huyohuyo."

"Kale kagari?"

"Ndiyo kale. Mama anasema anakaa kwanza, ndipo anavuta miguu, ndipo mlango unafungwa. Kama anavyokaa jikoni kwake."

"Na mimi nitambeba nani?"

"Wewe hubebi mtu, baba Lusungu. Kamati imekupa masufuria na maturubai."

Alijiona akifika Makandana na masufuria yanagongana nyuma, huku mama yake anatoka kwenye kagari ka Prosper mbele ya wakwe wote. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kule bandarini Dar es Salaam, alipofunguliwa lile gari mara ya kwanza, hakukaa kwenye usukani. Alifungua mlango wa nyuma kushoto, akapapasa kiti, akasema moyoni, mama atakaa hapa.

"Basi gari litashushwa," alisema.

"Lishushwe wapi?"

"Chini."

Atupele alichungulia uani. "Mbona lipo chini? Naliona limekanyaga ardhi."

Kesho yake Ambindwile alikwenda kwa Alawi. Duka la Alawi la vipuri lilikuwa nyuma ya stendi ya Tukuyu. Babu yake alitoka Kilwa akiuza chumvi na kaniki, baba yake akauza baiskeli, na Alawi mwenyewe aliuza chochote chenye grisi. Uani kwake alikuwa amempangisha Nsajigwa, fundi mwembamba kama spoku, ambaye husikia mazungumzo ya dukani hata akiwa amelala chini ya lori.

Alawi alimsikiliza mteja wake mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Bwana Ambindwile, mimi nimezaliwa hapa. Mchungaji alikuja, akataka gari lake lipande juu kwa sababu ya mawe. Bwana shamba akaja, akataka lipande juu kwa sababu ya matope. Wewe ndiye wa kwanza kuja kwangu kutaka gari lichuchumae."

"Lishuke tu. Sikusema lichuchumae."

"Nikate springi," sauti ya Nsajigwa ikasema kutoka uani. "Mzunguko mmoja kila tairi. Msumeno ninao."

"Ukate springi gari la watu litembee kama chura?" Alawi alijibu bila kugeuka. Akatoa kitabu cha picha alicholetewa na binamu yake kutoka Dubai, kimejaa magari makubwa yaliyoinamishwa mpaka yanakaribia kulamba lami. Ambindwile alikiangalia kwa mashaka. Hakuna hata gari moja kitabuni lililokuwa na tope.

"Kuna namna tatu," Alawi alisema. "Kwanza, springi fupi peke yake. Zako zinatoka, hizi zinaingia, shokapu zinabaki zilezile. Litashuka vidole viwili. Wewe hutajua kama limeshuka, na mama yako pia hatajua."

"Hiyo hapana."

"Pili, seti kamili. Springi fupi zaidi, na shokapu zake fupi, vimezaliwa pamoja. Hapo linashuka kiganja kizima. Linakaa kama bata kwenye mayai."

"Na ya tatu?"

Alawi alishusha sauti, kama babu yake alivyoshusha sauti alipofikia kitambaa cha bei. "Ya tatu ni mifuko ya upepo. Springi zote unaondoa. Mahali pake unaweka mifuko ya mpira na pampu. Mama akija, unabonyeza kitufe, gari linapiga magoti lenyewe. Akishakaa, unabonyeza tena, linasimama."

Ambindwile aliliona. Alimwona mama yake amesimama mbele ya kanisa la Makandana na mkoba wake, na shangingi jeupe linampigia magoti taratibu, watu wameshika midomo. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni.

Nsajigwa akatokea mlangoni akifuta mikono. "Na mfuko ukitoboka?"

"Unaagiza mwingine Dubai," Alawi alisema.

"Na gari wakati huo?"

Alawi alikuwa mfanyabiashara, lakini hakuwa mwongo. "Linabaki limepiga magoti."

"Mpaka meli ije?"

"Mpaka meli ije."

"Basi tutalijengea na kanisa," Nsajigwa alisema, akarudi uani.

Ikabaki seti kamili. Lakini Alawi alikuwa na swali moja zaidi, na hilo ndilo lililomtoa Ambindwile jasho. "Mama anaweza kuinua mguu kiasi gani? Usije ukashusha kiganja, kumbe alitaka viganja viwili."

Ambindwile hakujua. Usiku ule alimwomba Atupele aende Mpuguso, kwa ujanja wa kike, akapime.

"Nikampime mama mkwe wangu mguu," Atupele alisema polepole, kama anayeonja maneno. "Mzee wa umri ule. Nimfuate na futi kamba. Unajua wazee hupimwa wakati gani, baba Lusungu? Halafu akiniuliza, nimwambie nini, kwamba wewe umenituma?"

Ambindwile akaona ni kweli. Akaenda mwenyewe.

Aliliacha gari mbali, karibu na mnada wa ndizi, akashuka kwa miguu kama mtu aliyekuja kuiba kuku. Mama yake alikuwa bondeni anachimba magimbi, jembe lilisikika. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Ambindwile alikuwa amefikiri vizuri, na tusimnyime sifa hiyo: kizingiti cha mlango ule kilikuwa jiwe kubwa ambalo marehemu baba yake aliliweka kuzuia maji ya mvua, na mama yake alilivuka kila siku bila kushikwa na mtu. Kimo cha jiwe ndicho kimo cha mguu. Akapiga magoti, akafungua futi kamba.

"Jeneza litapita," sauti ikasema nyuma yake.

Futi kamba ilijikunja yenyewe, ikamchapa kidole.

"Mugonile, juba," alisalimia kwa Kinyakyusa akiwa bado amepiga magoti.

"Ndaga." Bibi Atuganile alikuwa amesimama na kikapu cha magimbi, matope mpaka magotini. "Baba yako alipita hapo, naye alikuwa mpana kuliko mimi. Usihangaike."

"Mama, usiseme hivyo. Nataka kukuwekea mlango mpya."

"Mlango unapimwa kizingiti?"

"Nimeanzia chini."

"Anzia chini, mwanangu. Mimi nitaanzia ndani, chai ipo."

Akavuka. Alishika mwimo wa mlango, akatanguliza mguu wa kushoto, halafu ule wa kulia ukafuata taratibu, ukainuka, ukapita juu ya jiwe na nafasi ya vidole vitatu ikabaki. Ambindwile aliuona kwa karibu, uso wake ukiwa usawa wa nyayo za mama yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu alipokuwa anatambaa. Kisigino kilikuwa kimepasuka kama udongo wa kiangazi. Mguu ulitetemeka kidogo ulipokuwa juu, na ulipotua ndani, mama yake alitoa pumzi ndogo ambayo asingependa mtu aisikie. Mtoto wake akajifanya anakunja futi kamba.

Alikunywa chai vikombe viwili. Aliporudi kwa Alawi alisema neno moja: "Kiganja."

Seti ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa kwenye maboksi mazito. Nsajigwa akalipandisha shangingi kwenye jeki na magogo, akaning'iniza zile springi za zamani ukutani kama pembe za nyati, akafunga mpya. Alipoliteremsha, yeye na Ambindwile walipima kutoka ardhini mpaka kwenye kibao cha kukanyagia, wakarudia, kila mmoja akiomba mwenzake ashike vizuri. Kilikuwa sawasawa na kizingiti cha Mpuguso. Nsajigwa alilizunguka gari akipiga miluzi. "Utadhani limezaliwa hivi," alisema.

Mji wa Tukuyu haukukaa kimya. Stendini makondakta walimuuliza kama ana pancha zote nne. Muuza magazeti alisema gari limezeeka kabla ya mwenyewe. Mama mmoja wa genge alisema hapana, wamwache, lile gari limeinama kwa sababu limemwona mkwe, na hilo ndilo lililosambaa mpaka Makandana, hata likipita watu walijifunika khanga usoni. Ambindwile alivumilia yote. Alipunga mkono kama mheshimiwa. Kwenye kamati ya harusi alirudisha masufuria na maturubai, yakapangiwa pikapu ya mtu mwingine, ingawa mjini walikuwa wameshamwita wa masufuria.

Kwa mama yake hakusema kitu. Alijua akimwambia atakataa, na akishakataa hatarudi nyuma.

Asubuhi ya harusi kulikuwa na ukungu hadi kwenye migomba. Ambindwile alifika Mpuguso amevaa suti ya kahawia, na Nsajigwa pembeni, kwa sababu fundi alisema hawezi kukosa kuona kazi yake ikikabidhiwa. Walimkuta Prosper ameshaegesha Starlet yake kando ya ua, anaifuta kioo.

"Shikamoo, mjomba," Prosper alisema, akalitazama shangingi, akaendelea kufuta. "Pole na safari. Limezama?"

"Marahaba. Futa kioo chako."

Bibi Atuganile akatoka. Alikuwa na gauni la bluu, khanga mpya na viatu vyeusi ambavyo huvaliwa kwa sababu maalumu tu. Alisimama juu ya lile jiwe, akaliangalia gari.

"Limepatwa na nini?"

"Limeshushwa, mama."

"Nani kalishusha?"

"Mimi. Na Nsajigwa huyu."

"Kwa nini?"

Ambindwile alikuwa ameandaa hotuba nzima njiani. Ilimpotea yote. Akafungua mlango wa nyuma kushoto, akasogea pembeni, akaweka mikono nyuma mgongoni ili ionekane kwamba hakuna atakayemshika mtu.

Mama yake aliteremka kwenye jiwe, akaja. Alikitazama kibao. Akageuka akaitazama nyumba yake, mlango, kizingiti. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Kumbe ndio mlango mpya," alisema.

Akashika mwimo, akatanguliza mguu wa kushoto. Wa kulia ukafuata, ukainuka mpaka pale ulipozoea kuinuka, ukatua ndani. Akakaa. Akavuta khanga, akaweka mkoba mapajani. Hakuna aliyemgusa. Nsajigwa alitazama juu kwenye ukungu kama fundi aliyemaliza kujenga jumba la maaskofu. Ambindwile alilazimika kuinama ghafla akague tairi la nyuma, ambalo halikuwa na tatizo lolote, na alilikagua vizuri sana kabla ya kuinua uso.

Mambo yangeishia hapo, na sherehe ingekuwa nzuri. Lakini Veronika, mama yake Prosper, alikuwa ametokea uani na mkungu wa ndizi kichwani.

"Wa harusi huu," alisema. "Fungua nyuma, baba."

Nyuma yake alikuja mwingine na mikungu miwili. Nyuma ya huyo, mama mwenye kikapu cha magimbi na jogoo. Nani anakwenda harusini mikono mitupu? Na nani ana mzigo, anaona gari kubwa linatoka kijijini, halafu anauweka mzigo chini? Walikuja kwa vichochoro vya migomba kama waliopigiwa kengele, na kibuyu cha maziwa, na debe la viazi, na mikungu, na mikungu.

"Jamani, gari limejaa," Ambindwile alisema.

"Limejaa wapi? Hili ni nyumba."

"Kuna Starlet pale, haina kitu."

"Starlet tutaionea," mama wa jogoo alisema.

Ambindwile akamgeukia mama yake amsaidie. Mama yake alikuwa amekaa kitini kama amezaliwa hapo.

"Unakataa ndizi ya Veronika?" aliuliza kutoka ndani. "Nilipokuzaa wewe, uji wangu alipika nani? Pakia, mwanangu."

Akapakia. Nyuma kulipojaa wakapakia miguuni, na wanawake watatu wenye mizigo yao wakaingia na wao, kwa kuwa ndizi haziendi zenyewe. Mmoja alikaa pembeni kabisa akisema hana uzito. Ambindwile akazunguka akaingia kwenye usukani, na gari likashuka tena, safari hii bila fundi.

Nsajigwa alikuwa bado nje. Alipiga magoti kwenye majani, akatazama nafasi kati ya tairi na madigadi. Haikuwapo. Akasimama taratibu, akaja dirishani.

"Bosi," alisema kwa sauti ya chini. "Tulilipima tupu."

"Sasa gari linapimwa limejaa?"

Walitazamana. Wote wawili walizaliwa Rungwe, wakanyonya Rungwe, na tangu wazaliwe hakuna hata mmoja aliyewahi kuona gari linatoka kijijini tupu.

Waliondoka hivyohivyo, kwa sababu hakukuwa na namna ya kumwambia mtu ashushe mkungu wake. Shangingi lilitembea likinung'unika, tairi zinakwangua, kila jiwe linatoa salamu chini ya sakafu. Wanawake walisifu gari kuwa tulivu. Walivuka kijito, wakapanda, na pale njia inapopita kati ya mashamba ya chai, ambapo malori yamechimba makorongo mawili na kuacha tuta katikati, gari likakaa. Halikukwama kama gari linavyokwama, kwa kelele na kuzungusha tairi. Lilikaa tu juu ya tumbo lake, kama kuku.

Halafu mama wa jogoo akaanza kucheka, na kucheka kwa Mnyakyusa mnene kwenye kiti cha nyuma hakuachi mtu salama. Likatikisika gari zima.

Nyuma ikasikika honi. Starlet ya Prosper ilikuja mdogomdogo, tairi moja juu ya tuta, nyingine kwenye majani, ikawapita ubavuni nyepesi kama karatasi, ikasimama mbele. Prosper akatoa kichwa.

"Bibi, nafasi yako bado ipo huku. Tusikose ndoa."

Ambindwile alishuka. Viatu vyake vipya viliingia topeni, akaviacha viingie. Aliitazama saa, akautazama mlima, akalitazama shangingi lake lilivyokaa. Kulikuwa na maneno ambayo hakutaka kuyasema, na aliyabeba mpaka kwenye dirisha la mama yake, akayasema.

"Mama, nenda na Prosper. Utachelewa. Usijali kuhusu mimi."

Aliyasema vizuri, bila kununa. Wanawake waliacha kucheka.

Bibi Atuganile alishusha kioo mpaka mwisho. Kwa sababu ya ile seti ya Alawi, na makorongo, na mikungu, uso wake ulikuwa chini ya kifua cha mwanawe, ikabidi Ambindwile ainame.

"Mimi nimeingia humu kwa miguu yangu," alisema. "Hujanishika, mkwe hajanishika, fundi hajanishika. Sishuki mpaka Makandana."

"Lakini haliendi, mama."

"Haliendi kwa sababu mmejaa. Washuke hawa. Veronika, shuka, mama. Wewe wa jogoo, wewe ndiye usiye na uzito? Shuka. Ndizi wekeni kwa Prosper, si alisema ana nafasi."

Wakashuka kwa vicheko, Nsajigwa naye akashuka. Ndizi zikahamia kwenye Starlet mpaka Prosper akabaki na tundu la kuonea njia, na Veronika akajibana mbele na jogoo mapajani, akisema mwenye gari ni mwanawe na haki yake ni hiyo. Shangingi likainuka kidogo kidogo, kama mtu aliyelegeza mkanda baada ya kula. Ambindwile akapanda kwenye usukani. Likakaa tena.

Mama yake alimtazama mgongoni, suti ya kahawia na shingo yake nene ya mfanyabiashara.

"Na wewe," alisema.

"Mama, mimi ndiye dereva."

"Yule fundi hajui kuendesha?"

"Anajua."

"Yule ana uzito wa kilemba changu. Mpe ufunguo."

Nsajigwa aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, hakuthubutu kumtazama bosi wake machoni. Akaketi. Gari lilibaki juu. Akalitia gia, likaondoka taratibu, tumbo likiligusa tuta kwa heshima tu, likapita. Kwa mwendo ule Ambindwile aliweza kutembea sambamba na dirisha la nyuma, mkono wake juu ya mlango.

"Kiti kikoje?" aliuliza.

"Kizuri. Ni laini kuliko cha kanisani." Alisogeza mkoba, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mwanawe, pale mlangoni. Wakaenda hivyo kidogo, yeye amekaa, mwanawe anatembea. "Springi zile za mwanzo umezitupa?"

"Zipo kwa fundi."

"Zirudishe. Baada ya leo. Hapa si mahali pa gari la chini."

"Na wewe utapandaje?"

"Leo si nimeshapanda," alisema. "Wote wataniona. Huko mbele, viazi navyo vinahitaji usafiri." Akamgongagonga kidole. "Sasa acha mlango, unatuchelewesha. Tutakungoja kwenye lami."

Ambindwile akaachia. Gari likakata kona ya chai, kilemba cha bluu kimesimama wima kwenye kioo cha nyuma, hakikugeuka. Starlet ikafuata, ndizi zimeziba madirisha.

Walibaki watatu: yeye na wanawake wawili, na mkungu mmoja uliokosa nafasi, umelala kwenye majani. Wale wanawake wakautazama mkungu, wakamtazama yeye, wakaitazama suti.

"Baba," mmoja alisema, "sisi tumeshavaa vya harusi."

Ambindwile alivua viatu, akavifunga kamba, akavitundika shingoni. Akauinua mkungu, akauweka begani kama alivyofanya kabla hajajua shangingi ni nini, na utomvu ukaanza kazi yake kwenye kola. Walipanda mpaka barabarani wale wanawake wakimsimulia alivyokuwa analia utotoni. Kwenye lami hapakuwa na gari. Palikuwa na mama mmoja amekaa na mafungu ya parachichi.

"Hujaona gari jeupe, kubwa?" Ambindwile aliuliza, akihema. "Lilikuwa litungoje hapa."

"Lile la chini? Limepita zamani. Fundi alitaka kusimama, bibi akamwambia harusi haingoji wanaume wanaotembea taratibu." Alimkagua kuanzia miguu mitupu mpaka mkungu. "Wewe ndiye wa masufuria?"

"Ndiyo," Ambindwile alisema. "Mimi ndiye wa masufuria."

Akauhamishia mkungu bega la pili, akashika njia ya Makandana.